Taya lisilotumika hufutwa

Leo naweka programu kando kidogo. Mwezi uliopita nilimsindikiza mamangu kwa daktari wa meno. Aling'olewa magego mawili ya juu miaka mingi iliyopita, na sasa alitaka kupandikiziwa mengine. Daktari alitazama picha ya eksirei, akasema, "Mama, hapa hakuna mfupa wa kushika skrubu." Mimi nilidhani jino ndilo hupotea, taya hubaki. Kumbe!

Wenzangu wa Java mnamjua mkusanya takataka: kitu kisichotumiwa na yeyote hufutwa. Mwili nao ni hivyo hivyo. Mfupa unaozunguka jino huishi kwa kuvutwa na jino hilo kila tunapotafuna. Jino likitoka, mwili unauyeyusha. Mwaka 1972 Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliovaa meno ya bandia kwa miaka 25. Mataya yao yaliendelea kupungua muda huo wote, na la chini lilipungua karibu mara nne kuliko la juu.

Skrubu yenyewe ilizaliwa na hitilafu. Mwaka 1952, huko Lund, Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titaniamu. Alipotaka kukitoa, kikakataa. Mfupa ulikuwa umeshikana nacho. Mwaka 1965 alimpandikizia binadamu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro za taya na hakuwa na meno ya chini. Larsson alifariki mwaka 2006, skrubu zake zikiwa bado zinafanya kazi. Ni programu ngapi zetu zitafikisha miaka 40?

Lakini skrubu inataka ukuta. Wasio na mfupa walichongewa kipande kutoka nyonga, yaani vidonda viwili badala ya kimoja, na sehemu ya mfupa huo huweza kuyeyuka tena. Kwa magego ya juu tatizo ni zaidi, maana juu yake kuna chumba cha hewa, sainasi, ambacho hupanuka kuelekea chini jino likiondoka. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Hilt Tatum alianza kuuinua utando wa sainasi na kujaza mfupa chini yake. Boyne na James wakachapisha kazi ya namna hiyo mwaka 1980.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1988, la Christer Dahlin na wenzake huko Gothenburg. Walitoboa mataya ya panya pande zote mbili. Upande mmoja walifunika tundu kwa utando wa jamii ya Teflon, wa pili wakauacha wazi. Baada ya wiki 6 matundu yaliyofunikwa yalikuwa yamejaa mfupa. Yale ya wazi, hata baada ya wiki 22, karibu hayakupona. Na hawakuongeza dawa yoyote! Nyama laini hukua haraka kuliko mfupa, hivyo huiwahi nafasi. Utando ni kufuli tu: unamzuia mwenye haraka ili wa polepole amalize kuandika.

Kuna njia nyingine pia. Mwaka ule ule wa 1965, Marshall Urist wa Los Angeles aliweka mfupa ulioondolewa madini ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota katikati ya nyama. Protini inayotoa amri hiyo sasa hutengenezwa maabara, na Marekani iliiruhusu kwa taya mwaka 2007. Ni ghali, na uso huweza kuvimba vibaya.

Mamangu atainuliwa sainasi, ajaziwe chembe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa hadi yakabaki madini matupu, kisha angoje miezi kadhaa kabla ya skrubu. Daktari alipomaliza kueleza, swali lake lilikuwa moja tu: ng'ombe mwenyewe ni wa wapi?