Müller: Fahamu Risto ya Jina la Ukoo Linaloongoza Ujerumani

Kama wewe ni fan wa Bayern Munich, hili jina umeliskia mpaka masikio yamezoea. Gerd Müller alifungia Ujerumani Magharibi mabao 68 kwa mechi 62, na bao lake ndilo lililomaliza Waholanzi kwenye fainali ya Kombe la Dunia 1974. Miaka 36 baadaye, Thomas Müller akabeba Kiatu cha Dhahabu kule Afrika Kusini akiwa na mabao 5, tena akivaa jezi ileile nambari 13.

Wasee wengi wakakata kauli kuwa huyu lazima ni mtoi ama mjukuu wa Gerd. Zii! Hawa wawili si ndugu. Klabu moja, jezi moja, jina moja, lakini kila mtu na ukoo wake.

Na hapo ndipo siri ya hili jina iko. Müller ndilo jina la ukoo linaloongoza Ujerumani, na Uswisi pia. Ujerumani linafuatwa na Schmidt, yaani mhunzi, halafu Schneider, yaani fundi wa kushona nguo. Umeshaona rada? Yote ni majina ya kazi.

Müller maanake nini?

Müller ni msagaji, mtu wa kinu cha unga. Neno lenyewe lilitoka kwa Kilatini cha Warumi, "molinarius", kwa sababu Warumi ndio walioleta vinu vya kuzungushwa na maji katika sehemu hizo. Wajerumani wa kale wakaligeuza kuwa "mulināri", likaendelea kunyolewa karne baada ya karne hadi likawa Müller.

Kulitamka, weka midomo kama unataka kusema "u", halafu useme "i".

Kabla ya hapo watu walijuanaje?

Kitambo mtu alikuwa na jina moja tu. Heinrich, Konrad, Johannes, imetosha. Lakini kuanzia karne ya 12 miji ilianza kujaa, na kina Heinrich wakawa wengi mno. Karani wa kodi angejuaje ni yupi amelipa na ni yupi anahepa? Ikabidi waongeze alama: Heinrich wa kinuni, Heinrich mhunzi, Heinrich mrefu.

Mwanzoni alama hiyo ilikuwa ya mtu mwenyewe. Polepole watoto wakaanza kuirithi hata kama hawakufanya ile kazi ya mbuyu wao. Kufikia karne ya 16, katika sehemu nyingi za Ujerumani, jina lilikuwa limeshika ukoo mzima.

Sasa fikiria: kila mahali palipolimwa nafaka palihitaji kinu, na kila kinu kilikuwa na msagaji wake. Jina likazaliwa mara elfu na elfu, katika vijiji ambavyo havikujuana hata kidogo. Ndio maana kina Müller ni wengi hivi bila kuwa na babu mmoja.

Msagaji alihitajika, lakini hakuaminika

Usidhani jina lilikuwa la heshima tangu mwanzo. Katika sehemu nyingi, mkulima hakuruhusiwa kuchagua kinu. Bwana mwenye ardhi ndiye aliyeamua utasagia wapi, na ukienda kwingine ni ngori. Prussia ilifuta sheria hiyo mwaka 1810.

Msagaji naye alijilipa kwa kukata sehemu ya nafaka yako. Unaleta gunia limejaa, unarudi na unga unaoonekana kidogo, na huna njia ya kujua ni jiwe limekula ama ni yeye. Fitina zikaanzia hapo. Msagaji akaitwa mwizi hata pale alipokuwa msafi.

Mambo yalifika mahali ambapo miji mingi ilihesabu usagaji kati ya kazi zisizo na heshima, na mtoto wa msagaji angeweza kufungiwa nje ya vyama vya mafundi kwa sababu tu ya kazi ya babake. Mwaka 1548 sheria ya Dola Takatifu ya Kirumi ikalazimika kutamka wazi kwamba watoto wa wasagaji, pamoja na wa wafumaji wa kitani, wachungaji wa kondoo na wengineo, wasibaguliwe hivyo.

Jina moja, sura nyingi

Kaskazini mwa Ujerumani, jina hilo mara nyingi ni Möller. Wasomi wa karne ya 15 na 16 waliotaka kuonekana wa maana walilirudisha Kilatini wakajiita Molitor. Wengine waliongeza alama ya mahali: Obermüller ni msagaji wa kinu cha juu, Neumüller ni wa kinu kipya.

Waliohamia Marekani walikuta herufi "ü" haiko. Wengine wakaandika Mueller, kama familia ya Robert Mueller aliyeongoza FBI kuanzia 2001 hadi 2013. Wengine wengi wakawa Miller, jina ambalo Waingereza nao walikuwa nalo tayari kwa maana ileile. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofanya Ujerumani kuwa adui, jina lenye sauti ya Kiingereza lilikuwa kinga.

Je, unatafuta ukoo wa Müller?

Labda una rafiki ama shemeji mwenye jina hili na anataka kujua alikotoka. Mwambie jina pekee halitamfikisha. Aanze na kijiji, kisha dini ya babu zake, halafu atafute vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi. Bila kijiji, anaweza kupachikwa babu wa watu wengine, hata kama tahajia inafanana herufi kwa herufi.

Vinu vingi vya maji vilinyamaza viwanda vikubwa vilipoingia, na leo kina Müller wengi hawajawahi kusaga chochote. Lakini tangu 1994, kila Jumatatu ya Pentekoste, mamia ya vinu vya zamani Ujerumani hufunguliwa kwa umma. Ukiwa huko siku hiyo, ingia uone kazi iliyozaa jina.