Mpaka Ulio Kati ya Miti
(Mazungumzo ya redio. Somo: Kumbukumbu la Torati 27:14-26)

Leo tutazame jambo lililowagombanisha ndugu wengi hapa Meru, yaani mpaka wa shamba, hasa ule unaopita kati ya miti.

Zamani wazee wetu hawakuwa na karatasi. Mpaka ulijulikana kwa mti, kwa kijito, na kwa kumbukumbu ya waliouona ukiwekwa. Waliposhindwa kupatana, shauri lilipelekwa kwa Njuri Ncheke, ambao nyumba yao ya mikutano ipo hapa kwetu Nchiru, na mara nyingine liliishia katika kiapo cha beberu. Sisi Wakristo hatukubaliani sote juu ya kiapo hicho. Hata hivyo, aliyekiogopa hakusogeza mpaka usiku.

Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa 1954. Vipande vya mashamba viliunganishwa na kuandikishwa, kazi iliyoendelea hata baada ya Uhuru wa 1963. Ramani nyingi zilichorwa kwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni, kwa hiyo wenye mashamba waliagizwa kupanda ua utakaoonekana kutoka juu. Lakini ua ulio chini ya miti mikubwa hufunikwa na majani. Hapo ndege haisaidii kitu.

Wengi hudhani hati imemaliza maneno. Haikumaliza. Sheria ya 1963 ilisema kwamba ramani ya namna hiyo huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imelirudia neno hilo. Ugomvi ukizuka, msajili wa ardhi ndiye huamua kwanza, na alama zilizoko shambani ni ushahidi mkubwa. Kuzing'oa ni kosa la jinai.

Tazameni basi somo letu. Walawi waliamriwa kuyataja makosa kwa sauti kuu, na watu wote waitikie Amina. Mengi ya makosa hayo hufanywa sirini. Baada ya mwenye kuondoa mpaka anatajwa mwenye kumpotosha kipofu, kisha mwenye kupotosha haki ya yatima na mjane. Mpangilio huo una maana. Mjane ambaye marehemu mumewe ndiye aliyeujua mti wa mpaka ni kama kipofu katika shamba lake mwenyewe. Jirani akiukata mti ule na kufukia kisiki, nani atamwonyesha?

Wako wazee makanisani mwetu wanaokumbuka mti ulisimama wapi. Wengine wamenyamaza, kwa sababu aliyeukata huketi nao benchi moja, naye hutoa sadaka nzuri. Jumapili huitikia Amina pamoja. Msajili akifika kusikiliza shauri, mjane huwatazama wao.