Nibu Inayooana: Kalamu ya Mwanzi na Kalamu ya Wino

Pwani ya Kilwa na Lindi, neno kalamu limebeba mapokeo mawili ya uandishi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwa asili ni tete lililochongwa. Neno nibu, yaani ncha ya kalamu, tulilikopa baadaye kwa Waingereza, wakati wa ncha za chuma. Mtu aliye Rondo, mkoani Lindi, leo, ambaye kalamu yake ya wino imevunjika nibu, huulizia dukani kana kwamba kuna mapokeo hayo ya pili tu. Naamini angefika mbali zaidi akiyajua yote mawili.

Tuanze na mwanzi. Mwaka 1711 ziliandikwa Kilwa barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Leo zimehifadhiwa Goa, India, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana. Katika mapokeo ya hati hizo, ncha hainunuliwi. Mwandishi hushika kisu kikali, akaukata mwanzi mshazari, akaukwangua ndani hadi ukabaki mwembamba, akapasua ufa mmoja katikati wa kupitishia wino, kisha akaimaliza ncha kwa pigo moja. Huchovya kwenye kidau na kujaribu. Mstari ukitoka mnene kuliko anavyotaka, huchonga tena.

Upana wa ncha hiyo ndio kipimo cha kila herufi. Tangu enzi ya Ibn Muqla, mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, urefu wa herufi alifu hupimwa kwa nukta zinazopigwa na kalamu ile ile. Kwa hiyo ncha ya mwanzi huoanishwa na mkono, hati na karatasi. Ikichakaa, mwenyewe ndiye fundi.

Mapokeo ya pili yalikuja na hati za Kirumi. Wamisheni wa UMCA, shirika la Kianglikana, walianza kazi Masasi mwaka 1876, na mizizi yao hiyo ndiyo iliyozaa Chuo cha Mtakatifu Cyprian, Rondo. Karne ile ya 19 ilikuwa karne ya nibu za chuma, zilizotengenezwa kwa mashine na kwa wingi mkubwa mjini Birmingham. Nibu ya kuchovya ilipochoka ilichomolewa kwenye mpini, ikachomekwa nyingine. Ustadi wa kuchonga ulihamia kiwandani, lakini uhuru wa kuchagua ncha ulibaki kwa mwandishi.

Uhuru huo ulipungua kalamu ilipoanza kubeba wino wake tumboni. Lewis Waterman alipata hataza yake Marekani mwaka 1884, na siri ya kalamu ya namna hiyo ni kile kipande chenye mifereji kilicholala chini ya nibu. Wino ukishuka, hewa hupanda kuchukua nafasi yake. Nibu isiyokumbatia kipande hicho sawasawa itavujisha wino au itakauka katikati ya neno. Hapa nibu lazima ioane na mwili wa kalamu kwanza, ndipo mkono ufikiriwe.

Ndiyo maana kusema tu “nataka nibu namba 6” hakutoshi. JoWo na Bock, viwanda vya Ujerumani vinavyowauzia watengenezaji wengi wa kalamu, vyote vinatoa namba 6, lakini vishikizo vyao vyenye hesi havibadilishani. Nibu za Lamy huchomolewa kwa kuvutwa mbele, na nyingi huingia katika aina kadhaa za kalamu za kampuni hiyo. Nibu za kalamu nyingi za Pelikan hufunguliwa kwa kuzungusha. Kalamu ya Parker 51 imeificha nibu yake ndani ya kofia, na nibu ya kawaida haiwezi kuingia humo.

Basi loweka ncha katika maji ya baridi hadi wino mkavu ulegee. Ikiwa ni ya kuchomolewa, ishike pamoja na kile kipande cha mifereji kwa kitambaa, uvute moja kwa moja bila kupindisha. Pima kwa rula urefu wa nibu, upana wake mabegani, na unene wa kipande cha chini. Piga picha vyote vikiwa kando ya rula. Vipimo hivyo vitamsaidia muuzaji aliye mbali zaidi kuliko jina la kalamu.

Nikiyalinganisha mapokeo haya, naona kila moja lina funzo. Kalamu ya kujaza wino inatufundisha kupima kabla ya kununua. Mwanzi unatukumbusha kwamba kuingia kwenye tundu hakutoshi: anayeandika hati za Kiarabu kwa mkono wa kulia huisukuma ncha kuelekea kushoto, na nibu nyembamba kali itakwaruza karatasi ambayo mwenzake wa hati za Kirumi huivuta ncha juu yake bila shida. Wino nao una kalamu yake. Wino wa masizi na gundi unaokaa vizuri kwenye mwanzi utaziba mifereji ya kalamu ya wino.

Hukumu yangu ni hii: nibu inayooana ni ile inayokubaliana na mwili wa kalamu, wino, karatasi na mkono, vyote vinne. Anayenunua kalamu mpya achague ile ambayo nibu yake hutoka kwa urahisi na kupimika. Na aliyerithi kalamu ya zamani asiitupe kwa sababu ya ncha tu. Aipime leo, aandike vipimo, avihifadhi pamoja nayo.