Nani Hulipia Maji Yaliyo Ndani ya Gunia?

Uliza watu Nairobi kiyoyozi ni cha nini, wengi watakwambia ni cha kuleta baridi. Lakini mtambo uliozaa viyoyozi vya leo haukubuniwa ili mtu apoe. Ulibuniwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902 Willis Carrier, injinia wa miaka 25, alipewa shida ya kiwanda cha uchapishaji cha Sackett & Wilhelms huko Brooklyn. Hewa ya kiangazi ilikuwa na unyevu mwingi, karatasi zikavimba, rangi zikawa hazikutani zinapotakiwa. Carrier akatafuta njia ya kupunguza maji hewani.

Miaka minne baadaye, Stuart Cramer wa North Carolina alikuwa na shida ya kinyume. Viwanda vya nguo vilikuwa vikavu mno, nyuzi za pamba zinakatika ovyo. Yeye akaongeza maji hewani, na ni yeye aliyeupa ufundi huu wote jina ambalo Kiingereza hulitumia mpaka leo. Kumbe kazi yenyewe ilianza na unyevu. Baridi ilifuata.

Kanuni yao ni moja. Karatasi, pamba, jani, punje, hata ngozi yako, vyote hubadilishana maji na hewa mpaka vilingane nayo. Ndiyo maana binamu yangu aliye Minneapolis hulala na kimashine cha kutoa mvuke. Hewa ya nje yenye nyuzi sifuri, hata ikiwa imeshiba, hubeba kama gramu 5 tu za maji kwa mita moja ya ujazo. Ikiingizwa ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, ina nafasi ya gramu 17. Unyevu wake unashuka chini ya asilimia 30, na midomo inapasuka. Majengo makubwa ya huko, yaani ofisi, hospitali na makavazi, hufunga mitambo ya mvuke ndani ya mabomba ya hewa kwa sababu hiyo.

Mimi ni wa Bungoma, na historia hii hainipeleki mbali na nyumbani. Mimea mitatu iliyotuletea pesa, pamba, tumbaku na mahindi, kila mmoja unataka hewa yake. Na kila mmoja umekuja na swali ambalo wazee wetu walilijibu kwa mikono kabla mashine hazijafika: maji haya ni ya nani, na nani anayalipia?

Pamba nitaipitia haraka. Malakisi palikuwa na kiwanda cha kuitenganisha na mbegu, na nyuzi zilisokotwa kwenye miji kama Kisumu na Eldoret. Huko shida ilikuwa ile ile ya Cramer, kwa kuwa uzi wa pamba hupata nguvu ukiwa na unyevu kidogo. Lakini mkulima wa Malakisi hakuwahi kuingia kwenye ukumbi wa kusokota. Hewa ile ilikuwa ya wenye kiwanda.

Tumbaku ni tofauti, maana ilimfanya mkulima mwenyewe kuwa fundi wa hewa. Hapa tena tunarudi North Carolina. Mwaka 1839, katika kaunti ya Caswell, kijana mmoja aitwaye Stephen, aliyekuwa mtumwa wa Abisha Slade, alikuwa akilinda moto wa banda la kukaushia tumbaku. Kama inavyosimuliwa, alipitiwa na usingizi, akaamka moto unakaribia kuzimika, akakimbilia makaa ya karakana ya uhunzi na kuyatupa ndani. Lile joto la ghafla liliyageuza majani kuwa ya manjano angavu. Tumbaku hiyo ikapata bei nzuri, na njia hiyo ikaenea. Utajiri ulibaki kwa akina Slade.

BAT ilianza kuwasajili wakulima wa mkataba nchini Kenya katikati ya miaka ya 1970, na Malakisi ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mkulima alipewa mbegu na mbolea kwa mkopo, akatakiwa kujenga banda. Tabora huliita bani. Lilikuwa jengo la udongo na miti, refu kuliko nyumba ya mwenyewe, majani yakining'inia ndani kwenye fito. Nchi hii imetumia njia zote mbili, moto wa wazi wenye moshi na moto wa bomba ambao moshi wake hutoka nje, lakini hesabu ya hewa inafanana.

Angalia hesabu yenyewe kwenye banda la bomba. Kwanza jani linatakiwa kugeuka manjano likiwa bado hai. Hapo unaweka joto la nyuzi 35 hivi na unafungia unyevu ndani. Hewa ikikauka mapema, unamwaga maji sakafuni, la sivyo jani linakufa likiwa kijani. Likishageuka, unafungua matundu ya chini na ya juu na kupandisha joto polepole, maji yatoke. Ukichelewa kufungua, jani linaungua rangi na kuwa kahawia. Mwisho unalikausha ubavu, joto likipita nyuzi 70. Siku 5 mpaka 7, usiku na mchana, mtu yuko kwenye moto. Mara nyingi mtu huyo ni mama, au mtoto ambaye kesho ana shule.

Hapo sasa kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Jani likishakauka kabisa huwezi kuligusa, linavunjika kama biskuti. Moto unazimwa, milango inafunguliwa, hewa yenye unyevu inaingia, na jani linanywa mpaka linalainika. Yaani baada ya wiki nzima ya kuyafukuza maji, unayakaribisha tena. Yakizidi, marobota yanaota ukungu na mnunuzi anayakataa. Yakipungua, jani linavunjika na kilo zinapungua.

Kupasha joto, kupitisha hewa, kuongeza unyevu: ndiyo kazi tatu ambazo injinia wa jengo la ghorofa 20 huzifanya kwa vihisi na kompyuta. Malakisi zilifanywa kwa kiganja na pua. Kuni zilitoka kwenye miti ya mkulima, usingizi uliopotea ulikuwa wake, na gredi ilitolewa na mwenye kununua. Sioni tumbaku kama zao la kulilia, kwa jinsi inavyoua wavutaji. Ila ujuzi ule ulikuwa mkubwa, na haukuwahi kuandikwa kwenye risiti yoyote.

Sasa panda Kitale, kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini. Huku ni mahindi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, nayo ikasafirisha nafaka ya walowezi. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti ununuzi wa mahindi, na kutoka hapo, bodi moja baada ya nyingine, tukafika kwenye Bodi ya Nafaka ya mwaka 1979. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha hapo hapo kikatoa mahindi chotara nambari 611. Mavuno yakapanda. Lakini chotara za nyanda za juu huchukua miezi 6 na zaidi shambani, na mvua ya mwisho wa mwaka ikikawia kuisha, unavuna ndani ya maji.

Zamani ghala lilikuwa la fito zilizosukwa, limeinuliwa juu ya mawe, paa la nyasi. Upepo ulipita ubavuni na kukausha magunzi taratibu. Kukhu yangu alipima kwa jino. Punje ikisema "ta", imekauka. Wengine hutia punje na chumvi kavu kwenye chupa na kutikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 hivi.

Depo haitaki jino. Inataka asilimia 13.5. Nambari hiyo ina sababu, wala si ya kuonea mtu. Kwa joto letu, punje ya kiwango hicho inalingana na hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na juu ya hapo ukungu unaanza kuishi. Mwaka 2004, sumu ya ukungu iliwapata watu 317 huko Ukambani, 125 wakafa. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha ikalegeza ndani ya siku chache. Kwa mfanyabiashara wa mpakani Lwakhakha, siku chache zilikuwa nyingi.

Lakini hebu piga hesabu. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 likikaushwa hadi 13.5 linabaki na kilo 83 na kidogo. Kwenye magunia 100, unapoteza uzito wa magunia 7 na nusu. Hayo ni maji, na ni haki mnunuzi asiyalipie. Tatizo ni kwamba mwenye karo ya Januari hawezi kungoja jua. Broka anafika shambani na bei ya mahindi mabichi, na mara nyingi anakata zaidi ya maji yenyewe. Anayeanika yeye, anauza yeye.

Mwaka 2023 serikali ilinunua mashine 100 za kukaushia zinazohamishika. Ni hatua. Ila 100 kwa nchi nzima, mvua ikinyesha Trans Nzoia na Bungoma wiki moja, foleni unaijua mwenyewe.

Ukiniuliza mimi, kinachokosekana ni umiliki. Kikundi cha wakulima 30 chenye kikaushio chao na kipima unyevu chao kinafika depo kikijua nambari kabla ya kuambiwa. Stephen alijua moto lakini hakumiliki banda. Mama wa Malakisi alimiliki banda lakini hakumiliki gredi. Mkulima wa Kitale ana ghala na ana punje. Kilichobaki ni ile mashine ndogo mezani, inayosema gunia hili lina maji kiasi gani, iwe pia mkononi mwake.