Risasi Imegoma, Nani Alipe? Historia Fupi ya Bunduki ya .22

Bunduki ikigoma, washukiwa ni watatu: aliyetengeneza bunduki, aliyetengeneza risasi, na aliyevuta triga. Kiwanda cha bunduki kitasema shida ni risasi zako. Kiwanda cha risasi kitasema shida ni bunduki yako. Na wote wawili, ukiwabana sana, watakuuliza kama uliisafisha.

Huko Marekani, ambako bunduki ndogo ya .22 ndiyo wengi wanayojifunzia kulenga shabaha, malalamiko ya namna hii hayaishi. Mtu ananunua bunduki mpya. Kila baada ya risasi kadhaa moja inakataa kulipuka, au ganda linakwama. Anaituma kiwandani, anasubiri wiki kadhaa, inarudi na karatasi inayosema imejaribiwa na haina tatizo. Akienda nayo uwanjani, tik! Imegoma tena.

Ni rahisi kusema hiyo ni huduma mbovu tu, na mara nyingine ni kweli. Lakini ugomvi huu una mizizi ya karibu miaka 180, na mizizi yenyewe iko ndani ya ukingo wa shaba wenye unene wa milimita moja hivi. Twende taratibu.

Risasi yenye fataki ukingoni

Risasi kamili ina vitu vinne: ganda, baruti, kichwa kinachoruka, na fataki, yaani kemikali kidogo inayolipuka ikigongwa na kuiwasha baruti. Kwenye risasi za kijeshi za leo, fataki ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Ukigeuza ganda utakiona.

Risasi ya .22 haina kikombe hicho. Fataki yake imefichwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako. Pini ya bunduki inapogonga ukingo huo, inaubana, kemikali inafinywa kati ya kuta mbili za shaba, inalipuka. Ndiyo maana aina hii huitwa risasi ya ukingo.

Wazo lilitoka Ufaransa. Mwaka 1845 Louis-Nicolas Flobert alichukua kifuniko cha fataki cha bunduki za zamani, akakichomeka kijigololi cha risasi mdomoni. Hakuweka baruti. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kulengea shabaha ukiwa ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ikaongeza baruti kidogo, kama robo gramu hivi, na kuuza bastola yake ya kwanza pamoja na risasi iliyokuja kuitwa .22 Short. Namba .22 ni kipimo cha upana katika sehemu za inchi, yaani karibu milimita 5.6.

Sasa angalia jinsi risasi hii inavyotengenezwa, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kitone cha kemikali mbichi kinawekwa chini ya ganda tupu, halafu kemikali inasukumwa iingie ukingoni, kwa kawaida kwa kulizungusha ganda kwa kasi kubwa. Ikienea mzunguko mzima, vizuri. Ikibaki sehemu ndogo haina kitu, umepata risasi ambayo italipuka ukiigonga upande mmoja na kukaa kimya ukiigonga upande mwingine. Kwa nje huwezi kujua. Zote zinang'aa vilevile ndani ya boksi.

Pini mbili za Henry

Wahandisi wa zamani walilijua hili vizuri. Mwaka 1860 Benjamin Tyler Henry, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya New Haven Arms chini ya Oliver Winchester, alisajili hataza ya bunduki ya kurudia iliyobeba risasi 16 za ukingo za .44. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) silaha hiyo ilipata sifa kubwa, kwa sababu wapinzani wengi walikuwa bado wanashindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu baada ya kila mlio.

Lakini cha kuvutia zaidi kwetu ni pini yake. Henry aliipa ncha mbili, zinazogonga ukingo kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Kama upande mmoja hauna kemikali, mwingine utakuwa nayo.

Ukifikiri vizuri, ncha ile ya pili ni namna ya kukiri. Mtengenezaji wa bunduki anasema: najua risasi si ya kuaminika kwa asilimia mia, kwa hiyo mzigo huo naubeba mimi. Hakumwambia askari abadilishe boksi.

Katika miaka ya 1870 majeshi yalihamia kwenye risasi zenye fataki katikati. Sababu ni za kihandisi. Ukingo lazima uwe mwembamba ili pini iweze kuuponda, na shaba nyembamba haiwezi kuhimili mgandamizo mkubwa. Mpaka leo kiwango cha juu cha mgandamizo cha .22 Long Rifle ni kama megapaskali 165. Bunduki za kijeshi za milimita 5.56 hufikia mara mbili ya hapo na zaidi.

Hata hivyo risasi ya ukingo haikufa. Ile .22 Long Rifle, iliyotoka mwaka 1887 kwa kampuni ya J. Stevens, ni rahisi kutengeneza, haina kishindo kikubwa begani, na bei yake ni ndogo. Hadi leo inatumika kwenye mafunzo, kuwinda wanyama wadogo, na mashindano ya shabaha ya Olimpiki.

Bunduki inapojiendesha yenyewe

Kwa bunduki ya kukoki kwa mkono, risasi ikigoma unaitoa unaweka nyingine. Balaa lilizidi pale bunduki zilipoanza kujikoki zenyewe.

Nyingi za bunduki hizi za .22 hazina kufuli nyuma ya mtutu. Kinachoziba chemba ni kipande kizito cha chuma kiitwacho bolti, kikisukumwa na springi. Risasi ikilipuka, gesi inasukuma kichwa mbele na ganda nyuma. Kwa kuwa bolti ni nzito kuliko kichwa mara nyingi sana, inachelewa kuondoka. Wakati inafunguka, kichwa kimeshatoka na mgandamizo umeshuka. Bolti inarudi nyuma, inatupa ganda, inakuja mbele na risasi mpya. Hakuna uchawi hapo, ni sheria ya Newton ya kitendo na kinyume chake.

Lakini mpango huu unategemea mizani. Risasi ikiwa dhaifu, bolti hairudi vya kutosha na ganda linakwama. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, bolti inafunguka mapema. Na risasi za .22 zinatofautiana sana: kuna zinazotoka polepole kuliko sauti, kama mita 320 kwa sekunde, na kuna zinazokaribia mita 500. Zote zimeandikwa .22 Long Rifle, zote zinaingia kwenye chemba ileile.

Winchester waliliona tatizo hili mapema. Bunduki yao ya kujikoki ya mwaka 1903 haikutumia .22 Long Rifle kabisa. Walitengeneza risasi ya peke yake, .22 Winchester Automatic, yenye vipimo tofauti. Wakati huo risasi nyingi za .22 zilikuwa bado na baruti nyeusi, inayoacha masizi mengi, na masizi yangeziba mitambo haraka. Kwa kubadili vipimo walihakikisha mnunuzi hawezi kuingiza risasi isiyofaa hata akitaka. Tena bunduki na risasi vilitoka nyumba moja. Kama kitu kikigoma, hakuna wa kumtupia lawama.

Somo la .17 HMR

Karne moja baadaye somo hilo likajirudia kwa namna ya hatari zaidi. Mwaka 2002 kampuni ya Hornady ilitoa risasi ya .17 HMR. Ni ganda la .22 Magnum la mwaka 1959 lililobanwa shingo ili libebe kichwa chembamba cha gramu 1.1, kinachotoka kwa kasi ya karibu mita 777 kwa sekunde. Kwenye bunduki za kukoki kwa mkono ilifanya kazi vizuri sana.

Kwenye za kujikoki ikawa habari nyingine. Bolti isiyo na kufuli ikifunguka wakati mgandamizo ungali juu, ganda jembamba linabaki bila ukuta wa kuliegemeza na linaweza kupasuka, likirusha gesi na vipande vya shaba karibu na uso wa mpigaji. Hatimaye Remington iliwatangazia wenye bunduki yake ya modeli 597 ya .17 HMR waache kuitumia. Sababu iliyotolewa ni kwamba msambazaji wake wa risasi alikuwa ameijulisha kuwa risasi hizo hazifai kwa bunduki za kujikoki. Waliorudisha bunduki waliahidiwa kuponi ya kununulia silaha nyingine ya kampuni hiyohiyo.

Mteja alikuwa amenunua bunduki iliyochongwa jina la risasi kwenye mtutu. Alitumia risasi hiyohiyo. Kumbe vitu viwili vilivyouzwa vikiwa pamoja havikuwa vimeafikiana.

Suluhisho lilikuja mwaka 2015, Savage ilipotoa bunduki ya A17. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachoizuia bolti kwa muda mfupi sana, mpaka mgandamizo ushuke. Na kampuni ya CCI ikatengeneza risasi maalumu kwa ajili ya bunduki hiyo. Wakati huo Savage na CCI zilikuwa chini ya kampuni mama moja. Ni Winchester wa 1903 tena.

Sheria inasemaje?

Hapa wengi hushangaa. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya waranti, Magnuson-Moss. Sheria hiyo inasema kampuni ikitoa waranti ya maandishi, lazima ieleweke na ijitaje kama ni kamili au ina mipaka. Lakini hailazimishi kampuni yoyote kutoa waranti hiyo. Ruger, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa .22, imekuwa ikieleza waziwazi kwenye vijitabu vyake kwa nini boksi halina kadi ya waranti: sheria haidai. Inaahidi kuendelea kuwahudumia wateja wake, lakini ahadi hiyo ni hiari.

Je, serikali haiwezi kulazimisha bunduki mbovu zirudishwe? Tume ya usalama wa bidhaa za walaji, iliyotokana na sheria ya mwaka 1972, inaweza kufanya hivyo kwa baiskeli, kitanda cha mtoto, hata bunduki ya kuchezea. Bunduki halisi na risasi zake ziliachwa nje na sheria hiyohiyo. Mahakama zipo, ila nani ataenda mahakamani kwa sababu ya tik?

Kwa hiyo mnunuzi anabaki katikati. Kifaa chake ni mfumo wa vitu viwili, lakini kila ahadi aliyopewa inahusu kimoja tu. Kiwanda kinajaribu bunduki kwa risasi inazozipenda, kinakuta inafanya kazi, na kwa upande wake hakijadanganya.

Njia ya kutoka ni ushahidi, na risasi iliyogoma ni shahidi mzuri. Ikishatolewa kwa usalama, baada ya kusubiri mtutu ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu (maana kuna zinazolipuka kwa kuchelewa), ukingo wake unasema mengi. Alama ya pini ikiwa hafifu, ichunguze bunduki: springi imechoka, pini imechakaa, au kuna uchafu. Alama ikiwa nzito na bado haikulipuka, fataki ndiyo mshukiwa. Zikigoma za boksi moja tu na nyingine zote zikilia, namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ya kupeleka kwa kiwanda cha risasi. Barua yenye maganda matano, aina ya risasi na namba ya toleo ni ngumu kuijibu kwa karatasi ya "haina tatizo".