Sumu Iliyobaki Ndani ya Uzio

Vita vinapokwisha, askari huhesabu silaha zilizosalia na kuzirudisha ghalani. Mabaki ya kiwanda kilichozitengeneza hayahesabiki kwa urahisi namna hiyo, kama Jeshi la Marekani lilivyojionea katika Rocky Mountain Arsenal, karibu na mji wa Denver, jimbo la Colorado.

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, serikali ya Marekani ilitwaa ardhi ya wakulima, kilometa za mraba 70 hivi, ikajenga humo kiwanda cha gesi ya haradali na mabomu ya moto. Katika miaka ya 1950 kilitengeneza pia sarini, gesi inayoua kwa kushambulia mishipa ya fahamu. Baadhi ya majengo yalikodishwa, na kampuni ya Shell ikatengeneza humo dawa za kuulia wadudu hadi mwaka 1982.

Maji machafu ya shughuli hizo yalimwagwa katika mabwawa ya udongo mtupu, kana kwamba kilichomo ndani ya uzio wa jeshi hakiwezi kutoka bila kibali. Maji ya chini ya ardhi hayasimami penye lindo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa upande wa kaskazini, waliomwagilia mashamba kwa maji ya visima, waliona mazao yao yakiharibika. Jeshi likajenga bwawa jipya mwaka 1956, lililotandikwa lami. Kisha likatoboa kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600, na tangu mwaka 1962 likawa likiisukuma sumu huko chini. Mwaka huohuo ardhi ya Denver ikaanza kutetemeka. Mtaalamu wa miamba, David Evans, alionyesha mwaka 1965 kwamba mitetemeko ilifuatana na usukumaji huo. Kisima kilisimamishwa mwaka 1966. Tetemeko kubwa likaja mwaka 1967, pampu zikiwa zimenyamaza kwa zaidi ya mwaka.

Mwaka 1974 kemikali za kiwanda ziligunduliwa katika maji ya nje ya mpaka. Mwaka uliofuata idara ya afya ya jimbo ililiamuru Jeshi lizuie uchafuzi huo. Safari hii raia ndio waliotoa amri.

Kazi ya usafishaji ilianzia mpakani mwaka 1978. Ukuta wa udongo wa mfinyanzi ulizamishwa ardhini kuyakinga maji. Visima vikayavuta, makaa maalumu yakanasa sumu, na maji safi yakarudishwa ardhini upande wa pili. Maji ya bwawa la lami yaliteketezwa kwa tanuri kati ya mwaka 1993 na 1995. Udongo mchafu kupita kiasi ulichimbwa na kuzikwa katika mashimo yenye kinga. Mwingine ukafunikwa papo hapo. Mwaka 2000, katika rundo la vyuma chakavu, vilikutwa vibomu vya sarini, miongo minne baada ya utengenezaji wake kukoma.

Kazi ya udongo ilimalizika mwaka 2010, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 2 zilizobebwa na Jeshi pamoja na Shell. Sehemu kubwa ya eneo hilo sasa ni hifadhi ya wanyama, na nyati wa Kimarekani wanalisha hapo tangu mwaka 2007. Maji ya chini yake hayaruhusiwi kunywewa, na mitambo ya kuyachuja ingali ikifanya kazi.