Reli Iliyotuleta Nyumbani

Kabla ya kufika kwenye hesabu za michango, tunaomba mtusikilize kidogo kuhusu reli yetu.

Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ilianza tena safari, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Familia nne za umoja wetu tulikubaliana kwamba sikukuu ile hatupandi basi. Tulifunga chapati, mayai ya kuchemsha na chupa za chai, tukakaa pamoja daraja la tatu, wazee kwa watoto. Watoto wetu walikuwa wameiona treni kwenye televisheni tu. Usiku kucha waliuliza, "Tumefika?"

Ruvu na Mnyusi tulizipita gizani, lakini historia yetu sisi watu wa Dar inaanzia pale. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha, serikali yao ikaichukua. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Haikujengwa ili babu zetu wakasalimie wakwe. Ilijengwa kubeba mazao ya mashamba ya walowezi, mkonge ukiwemo, hadi bandari ya Tanga. Waliochimba tuta na kubeba vyuma walikuwa Waafrika, na majina yao hatuyaoni kwenye kibao cha stesheni yoyote.

Kwa miaka 50 na zaidi reli hiyo ilitupeleka Tanga, siyo Dar. Mwaka 1963 ndipo kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, karibu kilomita 188, kilipoiunganisha na Reli ya Kati. Tangu hapo kijana wa Same aliyepata kazi Dar aliweza kupanda treni na kushuka nyumbani. Reli ya mkoloni ikawa reli ya sikukuu, ya harusi na ya misiba.

Kulipambazuka tukiwa tumeikaribia Mombo. Milima ya Usambara ilisimama kulia kwetu, bonde la mto Pangani likatanda kushoto. Watoto wote walihamia madirishani. Baada ya Mkomazi na Buiko, milima ikawa ya kwetu, na mabishano yakaanza juu ya kijiji gani kiko nyuma ya kilele kipi.

Tulikuwa na bibi yetu mmoja, ambaye ujana wake aliuza ndizi na mayai kwenye stesheni zetu. Hedaru alianza kusimulia. Alituonyesha akina mama walikosimama na masinia yao, akataja mmoja mmoja kwa jina na ukoo wake. Alisema walijua saa kwa honi ya treni, na kwamba ada za shule za watoto wake zilitoka kwenye madirisha ya mabehewa. Treni ilipoacha kuja, wengine walihamia barabarani kuuzia mabasi, wengine wakarudi shambani. Mjukuu wake akamuuliza, "Bibi, ulilia?" Akajibu, "Nilikaa na ndizi zangu mpaka zikaiva zote."

Tulicheka, tukapiga picha, tukapita Makanya, tukashuka Same tukipokewa kwa vigelegele. Lakini hakuna kati yetu aliyeandika majina yale. Tulisema tutayaandika Pasaka. Kabla ya Pasaka tulikuwa tumemzika bibi, na leo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kutaja zaidi ya majina mawili.

Ndugu zetu, lawama hii ni yetu wenyewe. Walowezi waliandika tani za mkonge wao. Historia ya waliochimba tuta, waliopiga honi na waliouza ndizi imebaki vichwani mwa wazee wetu, na wazee hao wanapungua kila msimu wa mvua.

Kwa hiyo, pamoja na miradi mingine iliyomo humu, tunaomba fungu dogo la harambee ya mwaka huu litumike kuwarekodi wazee wetu, tambarare na milimani, na kuchapa kijitabu kwa ajili ya shule zetu. Asiye na fedha alete simu yake na muda wake. Kila mwenye mzazi au babu aliyefanya kazi relini atupatie jina.

Na sikukuu ijayo ukienda nyumbani, kwa treni au kwa basi, kaa karibu na mzee. Chukua kalamu. Usiseme Pasaka.